Ukuta Hauna Miguu

Machi 2023, saa tatu usiku, nilikuwa jikoni nikipasha maharagwe ya jana, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa jamaa aliyekuwa akinipa kazi. Hatukuwahi kuonana ana kwa ana, lakini kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyelipa kodi yangu ya nyumba. Alikuwa ananitumia vichwa vya makala, mimi naandika, yeye anawauzia wateja wa ng'ambo wenye tovuti zao. Niliandika kuhusu magodoro, meno ya mbwa, na bima za nyumba ambazo sitawahi kuzikanyaga. Shilingi mia tatu kwa ukurasa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Bro, pole sana. Wateja wanatumia mashine saa hii. Hii kazi ya kukaa chini uandike imepitwa na wakati. Usinichukie bana, ni wakati tu."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Jumapili iliyofuata nikaenda nyumbani, nikamwonyesha mzee wangu ule ujumbe. Aliishika simu mbali na macho, akausoma mara mbili, akanirudishia. "Hata wewe?" akasema. "Mimi angalau walingoja nifike hamsini na mbili."

Tangu siku hiyo nina ugomvi na kitenzi kimoja. Nimeubeba kwenye matatu, nimeubeba kitandani, nimewachosha nao marafiki. Leo nataka niutue hapa, mbele ya watu wanaosoma.

Kwanza nimalize habari ya mzee. Alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda kimoja cha uchapishaji huku Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kupanga filamu za kurasa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Alizikata kwa wembe, akazibandika, akahakikisha rangi zote nne zimekaa sawasawa, ndipo zipelekwe kuchomwa kwenye pleti. Ukiteleza upana wa unywele, picha ya waziri inatoka ikiwa na midomo miwili. Mwaka 2018 kiwanda kikanunua mashine inayochoma pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Mzee akaitwa ofisini pamoja na wenzake wawili. Meneja, kijana mpole, akawaambia kwamba hakuna aliyekosa. Ni teknolojia. Ujuzi wao ulikuwa umepitwa na wakati. Akawashika mikono wote watatu.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo ya muhula uliofuata haikupatikana, ya muhula mwingine pia haikupatikana, na mambo ya digrii yakaishia hapo.

Lakini hebu sikiza kilichofuata. Miezi minne baadaye mzee alipata kazi River Road, kwenye kijiduka cha uchapishaji kilichojibana kati ya duka la vitambaa na mkahawa wa chai na mandazi. Alikuwa akifanya nini? Kupanga filamu juu ya meza yenye taa. Kazi ileile, kwa wembe uleule aliotoka nao kiwandani. Malipo hayakufika hata theluthi ya mshahara wa zamani, tena ni ya siku: ukienda unalipwa, ukiugua shauri yako. Sasa niambie, kama ujuzi ulikuwa umepitwa na wakati, huyu wa River Road alikuwa anaununua wa nini?

Ndiyo maana nasema kitenzi hiki ni mwongo. Mwongo wake umefichwa kwenye sarufi, ile tuliyofundishwa shule ya msingi tukaidharau.

Unakumbuka kauli ya kutendwa. Panya alikula mkate. Mkate uliliwa na panya. Mwalimu akiuliza ni nani aliyekula, unatazama neno linalofuata ile "na". Hiyo "na" ndogo ndiyo inayobeba lawama yote ya sentensi. Mtoto aliumwa na mbwa: tafuta mbwa. Pesa ziliibwa na karani: tafuta karani. Sasa chukua hii: mzee alipitwa na wakati. Nani aliyempita? Wakati. Faili imefungwa. Mshukiwa hana sura, hana nambari ya simu, na hakuna korti nchini inayoweza kumtumia samansi.

Kama meneja angesema tu "ujuzi wenu umepitwa," mtu angeuliza, umepitwa na nini? Sentensi ingebaki na tundu. Ujanja wa "na wakati" ni kwamba unaliziba tundu hilo kabla hujauliza. Unapewa mtenda. Unaridhika. Unatoka ofisini umeshikwa mkono, hata unasema asante.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimeshajibiwa mara nyingi: kijana, wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Sawa. Lakini isome methali hiyo polepole. Wahenga wangeweza kuuita wakati farasi, au mto, au upepo. Wakauita ukuta. Ukuta umesimama pale ulipojengwa. Hauna miguu. Hakuna mtu aliyewahi kupitwa na ukuta barabarani. Kwa hivyo ukiona kitu kimekupita, kitazame vizuri. Kina miguu, au kina magurudumu, na mara nyingi kina dereva.

Tena wahenga hao hao walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hapo pia muda umepita, lakini hawakusema kwamba mwana ni wa wakati. Mwana ana baba yake. Kuna mtu alifanya jambo wewe ukiwa hupo, na kijiji kizima kinamjua.

Kiswahili kina neno la haki kwa yaliyompata mzee wangu, na kila Mkenya anayepanda matatu analitumia. Umefika steji asubuhi, gari limejaa, makanga amegonga bodi mara mbili, dereva amekanyaga mafuta. Unasimama pale na mkoba wako. Unapiga simu kazini, unasema nini? "Nimewachwa." Huwezi kusema umepitwa na wakati, watakucheka. Umeachwa. Na ukisema umeachwa, kila aliye steji anaelewa kwamba kuna aliyekuacha. Unaweza kumlaani. Unaweza kumkimbilia ukipunga mkono, na mara nyingine anapunguza mwendo, unaingia. Kuachwa kuna dawa. Kupitwa na wakati hakuna, na hiyo ndiyo sababu wenye magari wanakipenda kitenzi hicho.

Kwa kweli lugha rasmi inalijua hili. Mtu akipoteza kazi namna ile tunasema ameachishwa kazi. Acha, achwa, achishwa. Mzizi ni uleule wa steji. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ile ambayo mzee wangu hakuwahi kuonyeshwa, inaeleza kwamba kuachishwa kazi kwa sababu kazi imepungua ni kuondolewa bila kosa lako, kwa hatua iliyoanzishwa na mwajiri. Na mwajiri, si na wakati. Ndani yake kuna masharti pia: mwajiri atoe notisi ya mwezi, atakapochagua wa kuondoka azingatie muda mtu aliofanya kazi na ujuzi wake, na alipe angalau mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika. Masharti hayo yapo kwa sababu sheria inajua kuna mtu wa kuyatimiza. Hakuna anayeweza kumpa wakati masharti.

Mzee alilipwa, baada ya kuzungushwa. Lakini hakuuliza swali hata moja, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu jambo ambalo limenikaa: "Ningemuuliza nani? Si alisema ni wakati?"

Kuna mwingine atasema haya ni mambo ya watu binafsi, kwamba katika nchi nzima mambo huchakaa yenyewe na hakuna wa kulaumiwa. Basi tutazame mambo ya nchi.

Juni Mosi 2019, siku ya Madaraka, gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alisimama mbele ya taifa akatangaza kwamba noti za zamani za shilingi elfu moja zingekoma kutumika mwisho wa Septemba. Tarehe 30 Septemba noti ile ilinunua unga. Siku iliyofuata haikununua hata kiberiti. Karatasi haikuwa imebadilika. Wino haukuwa umefifia. Kulikuwa na tangazo, tarehe na jina la mtu. Na utakumbuka hakuna aliyesema kwamba noti zimepitwa na wakati. Zilifutwa. Ziliondolewa. Kwa sababu mwenye kuzifuta alikuwa amesimama pale tunamwona, lugha yenyewe ikanyooka.

Februari 2015, katika vita vya kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, stesheni kubwa za televisheni nchini zilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana. Aeriali zilizokuwa juu ya mabati mtaani kwetu zilikuwa nzima kabisa. Kunguru waliendelea kukaa juu yake. Zilikuwa zinangoja mawimbi ambayo mtu alikuwa ameyazima. Hapo tulibishana, tukajua nani anamshtaki nani, nani anataka nini. Na ving'amuzi tukanunua kwa pesa zetu.

Halafu pasipoti. Serikali ilipoleta pasipoti mpya za kielektroniki, ilisema za zamani zina mwisho wake. Siku ya mwisho ikakaribia, foleni Nyayo House zikawa ndefu, siku ikaahirishwa. Ikakaribia tena, ikaahirishwa tena. Sasa nakuuliza wewe unayeamini kwamba wakati ndio unaopita vitu: wakati huahirishwa? Mimi nikichelewa na kodi, mwenye nyumba haahirishi mwisho wa mwezi. Kinachoahirishwa ni uamuzi. Na uamuzi una mwenyewe.

Hata kitenzi chenyewe kinajua hivyo, ukikipa nafasi. Pita. Kivishe "-ish-" kinakuwa pitisha: Bunge limepitisha sheria, bodi imepitisha bajeti. Hapo mtenda yuko wazi. Kivue, ukivishe "-w-", kinakuwa pitwa, na ghafla Bunge na bodi wametoweka. Ukiwa mwangalifu utaona kwamba nyuma ya kila kilichopitwa kuna mtu aliyepitisha.

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye fasihi, kwa sababu sisi waandishi tunakitumia kitenzi hiki kama wembe wa kunyolea wenzetu.

Mwaka juzi nilimtumia mhariri mmoja hadithi fupi. Ndani yake kuna bibi wa Mombasa, nami nilimwandika asemavyo. Niliwahi kukaa kwa rafiki yangu Kuze, Mji wa Kale, kwa zaidi ya mwezi, na nyanya yake alikuwa akinituma dukani kila asubuhi: "Mwanangu, nishikie ndia ukanunue mtele." Ndia ni njia. Mtele ni mchele. Macho kwake ni mato. Mhariri akanirudishia hadithi ikiwa na mistari myekundu. Pembeni ya kila neno la yule bibi ameandika: la kale. Mwishoni: "Kazi nzuri, ila lugha imepitwa na wakati. Msomaji wa leo hawezi."

La kale! Huyo bibi yuko hai. Ana simu. Ananiachia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anasema ndia leo, atasema ndia kesho, na wajukuu wake wanasema ndia wakiwa na vidude vya masikioni vya kusikilizia muziki. Lipi hapo la kale?

Lililotokea ni hili, na lina tarehe. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa wa kuamua Kiswahili kipi kitumike katika shule na vitabu vya Afrika Mashariki. Waliokuwa na kauli ni watu wa serikali za kikoloni na wamishonari. Kulikuwa na waliotetea Kimvita, Kiswahili cha mji uleule walimokuwa wameketi. Kiunguja kikachaguliwa. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo sanifu, vitabu vikapimwa, vikapigwa muhuri. Sina kesi na Kiunguja. Ndicho ninachokiandikia hapa, na bila lugha moja ya shuleni huenda mimi na wewe tusingesomana. Lakini hakuna asubuhi ambayo neno ndia lilizeeka likawa njia. Kulikuwa na meza, viti, na watu walioamua nani aandikwe. Lililobaki nje ya mlango, miaka tisini baadaye, tunaliita la kale.

Mfano wa pili ni ushairi. Miaka ya sabini, wasomaji wakubwa wanakumbuka, kulikuwa na vita kati ya wanamapokeo na wanausasa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na kelele zikaanza. Upande mmoja ulisema hayo si mashairi. Upande mwingine, hasa wafuasi waliokuja nyuma, ukajibu kwamba arudhi imepitwa na wakati: ni ya wazee, ya kusifia harusi na wakubwa, haiwezi kubeba uchungu wa sasa. Mimi ni mtu wa mashairi huru. Vina vinanitoa jasho. Lakini siwezi kusema uongo huo, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla ya Kichomi kilikuwa kimetoka kitabu kingine, Sauti ya Dhiki, cha Abdilatif Abdalla. Abdilatif alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika karatasi ya kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, na akaachiliwa mwaka 1972. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, rika langu. Mashairi yake aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kwa vina. Kwa mizani. Kwa Kimvita, lugha ileile ambayo mhariri wangu ameipigia mistari myekundu.

Kama kuna jambo la kisasa zaidi ya kijana aliyefungiwa peke yake kwa kuiuliza serikali yake inampeleka wapi, mimi silijui. Umbo la zamani lililibeba bila kulalamika. Kezilahabi naye hakuhitaji arudhi iwe imekufa ndipo aandike. Alihitaji kuiacha, akaiacha, akasema ameiacha. Huo ndio uungwana. Sema: nimeacha vina. Usiseme: vina vimepitwa.

Sasa niwape wapinzani wangu hoja yao yenye nguvu kabisa, maana naijua. Watasema: na mila mbaya je? Si tunasema ukeketaji ni mila iliyopitwa na wakati? Unataka tusiseme hivyo?

Ndiyo. Nataka tusiseme hivyo, na hapa ndipo kitenzi hiki kinaponiudhi zaidi. Ukisema ukeketaji umepitwa na wakati, umesema kwamba kulikuwa na wakati wake. Kwamba msichana aliyelia enzi za nyanya zetu alilia bila sababu, kwa kuwa saa ilikuwa bado haijafika. Haukupitwa na wakati. Ulikuwa mbaya siku ya kwanza. Na haukupungua kwa sababu kalenda zilichanwa. Kuna wasichana waliotoroka usiku, wanawake waliosimama barazani wakatukanwa, wazazi waliokataa wakatengwa na ukoo, na mwaka 2011 Bunge likapitisha sheria ya kuupiga marufuku. Ukisema "umepitwa na wakati" unawanyang'anya hao wote kazi yao, unaupa wakati nishani. Na kule ambako bado unafanyika, unawapa watu kisingizio: basi tungoje, wakati utafika na huku.

Ona basi kazi ya kitenzi hiki. Kitu kizuri kikiondolewa, kinamficha aliyekiondoa. Kitu kibaya kikishindwa, kinamficha aliyekishinda. Pande zote mbili mwanadamu hayupo.

Sisemi kwamba vitu havizeeki. Vinazeeka, na Kiswahili kina vitenzi vyake, vingi, kila kimoja kimejua sababu yake. Kiatu huchakaa: kimetembelewa. Leso huchujuka: jua na sabuni. Mboga huchacha: imelala bila kupashwa. Chuma hushika kutu: kimeachwa kwenye unyevu. Bidhaa hudoda: hakuna mnunuzi, au bei ni kali. Ukimwambia fundi kiatu kimechakaa, anakigeuza, anaangalia soli, anakwambia mia mbili. Ukimwambia mama muuza nyanya kwamba zimedoda, anajua ama apunguze bei ama ahamie upande wa steji. Vitenzi hivyo vinakuelekeza mkono mahali pa kushika. Mwambie fundi kiatu chako kimepitwa na wakati uone kama hatakutazama tu.

Hata kwa watu tuna neno. Mtu huzeeka. Mzee wangu amezeeka, macho yake si yale. Lakini siku alipoondoka kiwandani macho yalikuwa mazima, mkono haukutetemeka. Mashine mpya ilihitaji mtu wa kuiendesha. Walimchukua kijana, wakamfunza wiki mbili. Wiki mbili! Mtu aliyejua kwa kutazama tu kwamba nyekundu imezidi kwenye shavu la mtoto, hakuna aliyemuuliza kama angependa kukaa hizo wiki mbili. Huenda angekataa. Huenda asingeweza kompyuta. Lakini hakuulizwa, na asiyeulizwa hajapitwa.

Nimefika kwenye mashine yangu mimi. Nisieleweke vibaya, siichukii. Nimeijaribu. Inaandika kuhusu magodoro vizuri kama mimi, pengine kunishinda, na wote wawili hatujawahi kulalia hayo magodoro. Kama ni kazi hiyo tu, wacha iende; sikuipenda, ilinilisha tu. Kama yule jamaa angeniambia, "Nimepata njia ya rahisi, nitabaki na faida zaidi, sikuhitaji tena," ningeumia, lakini ningekuwa nimeambiwa ukweli na mtu mzima.

Ila miezi kadhaa baadaye nilikutana na msichana aliyekuwa anamwandikia huyo huyo jamaa. Akaniambia kazi bado ipo. Sasa makala yanatoka kwenye mashine, na wanaoajiriwa wanapewa shilingi hamsini kwa ukurasa wayapitie, watoe makosa, wayafanye yasomeke kama yameandikwa na binadamu. Kusoma, kuhakiki, kupanga upya sentensi. Mimi huko naita kuandika. Nikakumbuka River Road. Mzee na mimi tumekutana mahali pamoja: kazi ileile, mikono ileile, bei chini. Kilichoitwa "kupitwa na wakati" kilikuwa jina la punguzo.

Na tofauti moja. Mzee alikuwa na barua ya ajira, kwa hivyo sheria ilimhesabia siku zake kumi na tano kwa mwaka. Mimi sikuwa na barua, nilikuwa na vichwa vya makala kwenye WhatsApp. Miaka mitatu yangu ilihesabiwa kwa emoji moja ya mikono iliyoshikana.

Kwa hivyo ninachoomba ni kidogo, na kinaweza kuanza leo. Ukisikia jambo limepitwa na wakati, iwe ni sarufi, ni ufundi, ni matatu za abiria kumi na wanne ambazo tumeambiwa zinaondoka kwa zaidi ya miaka kumi na bado tunazipanda, uliza swali la darasani: na nani? Usikubali jibu la "wakati". Uliza nani ameamua, lini, anapata nini, na anayeachwa anapewa nini. Ukikuta kweli hakuna mtu, ni jua na sabuni tu, basi tumia kitenzi cha jua na sabuni. Kipo.

Na ukiwa mhariri, niandikie hivi: sipendi. Au: wasomaji wangu hawatanunua. Nitakasirika siku mbili, nitanyamaza. Lakini usinipigie mstari mwekundu bibi aliye hai.

Ule ujumbe wa jamaa nilikuwa sijaujibu. Niliuacha pale chini ya simu, mwaka ukaisha, mwingine ukaanza. Wiki jana, nikiwa katikati ya kuandika haya, nikaufungua. Nikamwandikia: "Sikupitwa. Uliniacha. Ni sawa, biashara ni yako, ila sema hivyo."

Ameusoma. Alama mbili za bluu. Bado nangoja jibu, na sitasema ni wakati unaochelewa.